Vitabu vya Kujifunzia Kuchora na Kusanifu Magari: Kipi Kianze, Kipi Kisubiri

Mchoro mbovu wa gari hujulikana kwenye magurudumu. Boneti inaweza kupendeza na rangi ikang'aa, lakini tairi la nyuma likikaa upande, jicho halidanganyiki. Ndiyo maana ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, usinunue chenye picha za magari yaliyokwisha kupakwa rangi. Picha zile zinatia hamu, ila hazikuonyeshi mkono ulianzia wapi. Nunua kinachofundisha pespektivu, yaani jinsi vitu vinavyopungua ukubwa na kubadilika umbo machoni kadiri vinavyokwenda mbali.

Kitabu hicho ni How to Draw cha Scott Robertson na Thomas Bertling, kilichotoka mwaka 2013. Kina kurasa 208, na ni cha kufanyia kazi mezani, si cha kusomea kitandani. Wengi hukwama kwenye sura za kujenga gridi, yaani wavu wa mistari inayoongoza mchoro, kwa sababu wanasoma maelezo bila kuchora. Kila mchoro urudie kwa mkono wako mara tano au sita kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Sura za mandhari na ndege unaweza kuziruka kwa sasa. Ya duaradufu (duara lililobanwa) na ya maumbo yenye ujazo usiziruke kabisa, maana sura ya magari imejengwa juu yake.

Hiyo duaradufu ndiyo inayowaangusha wengi. Tairi ni duara, lakini ukilitazama kwa mshazari huonekana duaradufu, yenye mhimili mrefu na mhimili mfupi. Anayeanza husimamisha mhimili mrefu wima kama nguzo, kisha anashangaa kuona gurudumu kama limechomoka. Kanuni ni kwamba mhimili mfupi ndio unaofuata ekseli, yaani mstari unaopita katikati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na ekseli huelekea nukta ileile ya mbali inakoelekea bampa ya mbele. Basi chora ekseli kwanza kwa mstari mwepesi, halafu ndipo uivishe duaradufu. Ukiwa unalichora gari kutoka mbele kwa pembeni, tairi la nyuma la ubavu unaoonekana liwe jembamba kidogo kuliko la mbele. Ukiyafanya sawa, gari litaonekana limepinda chasisi.

Kama kitabu cha Robertson kinakuelemea, tangulia na Perspective Made Easy cha Ernest Norling, cha mwaka 1939. Ni kifupi, Kiingereza chake ni chepesi, na kinaanzia panapostahili: usawa wa macho. Somo hilo unaweza kulihakiki stendi yoyote ya daladala au matatu. Mtu mzima aliyesimama macho yake yako kama mita 1.5 au 1.6 kutoka chini. Gari la saluni la kawaida, lile lenye buti nyuma, lina kimo cha kama mita 1.45, kwa hiyo utaliona paa lake kidogo. Toyota Hiace ya kizazi cha H200, ile ya paa la kawaida, ina mita 1.98, kwa hiyo paa lake hulioni. Mchoro unaoonyesha paa la Hiace umechorwa na mtu aliye juu ya ngazi, na mistari yote mingine lazima ikubaliane naye.

Baada ya miezi kadhaa ya hayo, kitabu cha pili kiwe H-Point cha Stuart Macey na Geoff Wardle. Toleo la kwanza lilitoka 2009 na la pili 2014. Hapa ndipo kuchora kunapogeuka kuwa usanifu. Jina lake linatokana na nyonga ya dereva (H ni ya hip, nyonga kwa Kiingereza), kwa sababu gari hupangwa kuanzia mtu anapokaa: nyonga, kisha miguu kwenye pedali, kichwa chini ya paa, na macho yanavyoiona barabara. Ukimkalisha mtu juu, mgongo husimama wima na miguu hushuka chini, hivyo nafasi inayohitajika kutoka pedali hadi kiti hupungua. Ukimkalisha chini kama kwenye gari la mbio, miguu hunyooka mbele na gari linadai urefu.

Hiace inalieleza jambo hilo vizuri kuliko gari jingine lolote la barabarani kwetu. Japani ina daraja la magari madogo lenye ukomo wa urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7. Hiace ya kawaida ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa 1,695. Imebanwa pembeni kabisa mwa sheria! Ili abiria au mzigo wapate nafasi, injini imewekwa chini ya viti vya mbele na dereva akapandishwa juu. Pua yake fupi imetokana na hesabu hiyo.

Fanya zoezi hili sambamba na kitabu. Chukua A4, ilaze, uchore ubavu wa Hiace kwa kipimo cha 1:20. Urefu utakuwa milimita 235, kimo 99, na umbali kati ya ekseli mbili milimita 128.5 (kwenye gari lenyewe ni 2,570). Tairi lisome ubavuni: 195/80 R15 maana yake upana ni milimita 195, ukuta wa tairi ni asilimia 80 ya huo, yaani 156, na rimu ni inchi 15, yaani 381. Jumlisha 381 na 156 mara mbili, unapata 693. Kwenye karatasi ni kama 35. Utasikia kwamba kati ya tairi la mbele na la nyuma huingia matairi matatu. Kwa saluni nyingi ni kweli, ila hapa yataingia 2.7 tu. Pima kabla ya kuamini.

How to Render, cha Robertson na Bertling vilevile (2014), kinachofundisha kutia mwanga, kivuli na mng'ao, kisubiri. Wanaokikimbilia mapema hupaka weusi chini ya milango bila kujua sababu. Bodi iliyopigwa rangi ni kioo: sehemu inayotazama juu huakisi mbingu, inayoinamia chini huakisi ardhi, na pale bodi inapogeuka ndipo mwanga na giza hupakana. Bila kujua umbo limegeukia wapi, hata makapeni za bei kali hazitakusaidia.

Sketching cha Koos Eissen na Roselien Steur (2007) ni kizuri, ila kinahusu bidhaa za kila aina. Kiazime, usikinunue kwanza.

Vifaa visikutishe. Rimu moja ya karatasi za fotokopi za gramu 80 na kalamu ya Bic vinatosha kuanzia. Bic ukiigusisha kidogo hutoa mstari mwepesi, ukikandamiza hukoza, na kwa kuwa haifutiki itakulazimisha kuzungusha mkono hewani kabla ya kugusa karatasi. Chora kwa bega, si kwa kifundo cha mkono. Kurasa mbili za duaradufu kila siku, kisha gari moja. Ukimaliza, geuza karatasi uielekeze dirishani uutazame mchoro kwa nyuma. Tairi lililokaa upande utaliona papo hapo.