Ukienda Kuona Mnara wa Taa, Usianze na Ngazi

Mara ya kwanza kutembelea mnara wa taa wa kale, nilikimbilia ngazi. Nikapanda nikizunguka na kuhema, nikapiga picha za bahari, nikashuka. Makumbusho madogo yaliyokuwa chini, katika nyumba ya zamani ya mtunza taa, niliyaingia mwishoni kwa kupunga upepo tu. Humo ndimo nilipogundua kwamba huko juu sikuwa nimeona kitu.

Chukua mapazia. Niliyaona yamezunguka lenzi, kile kioo kikubwa kinachoizunguka taa, nikadhani ni ya vumbi. Kumbe lenzi inayotupa mwanga baharini usiku, mchana hulikusanya jua na kulielekeza ndani, hata kuweza kuwasha moto. Kwa hiyo watunza taa waliyafunga mapazia kila asubuhi. Wakiifuta lenzi walivaa aproni za kitani, vifungo vya nguo visije vikakwaruza kioo.

Aliyebuni lenzi ya aina hii ni Mfaransa Augustin Fresnel. Iliwashwa mara ya kwanza katika mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Ukiikuta, chungulia bahari kupitia lile duara la katikati: mawimbi yako juu, mbingu chini. Chungulia pia uwazi ulio katikati ya ngazi. Katika minara mingi humo ndimo lilimoning'inia jiwe au chuma kizito cha kuzungusha lenzi, kama saa ya ukutani, na mtu alilipandisha kwa mkono usiku kucha, kila baada ya saa chache.

Wanyama wa ufukweni chini ya mnara nao wana saa zao. Tazama ratiba ya maji kujaa na kupwa kabla hujatoka nyumbani. Maji yakipwa, sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi badala ya miguu, hujilaza miambani na ndege hushuka kudonoa. Beba darubini (ya simu haitoshi, nimejaribu). Sili akiinua kichwa kukutazama, umeshamkaribia mno, rudi nyuma. Na mtoto wa sili aliye peke yake si lazima awe ameachwa. Mara nyingi mama kaenda kuwinda. Nimeona mtu mwenye huruma zake akimmwagia mmoja maji ya chupa. Usifanye hivyo. Ukiwa na wasiwasi, mwite mhudumu.

Vaa viatu bapa, kofia iache garini. Ikiwezekana subiri giza liingie, kisha hesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko. Kila mnara una hesabu yake, na mabaharia huutambua kwa hiyo. Wangu ulikuwa kumi.