Kabla ya kuamini kwamba minyoo huzuia pumu

Kwa mtu anayeishi na pumu kama mimi, ni vigumu kuipita habari inayodai kwamba minyoo huwakinga watu na ugonjwa huu. Nimezoea kuzitafuta makala zenyewe za watafiti badala ya kuridhika na vichwa vya habari, na jambo la kwanza ninaloangalia ni aina ya mnyoo uliochunguzwa. Mwaka 2006, Jo Leonardi-Bee na wenzake walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, wakaonyesha kwamba wenye minyoo ya safura walikuwa na uwezekano wa kuwa na pumu uliopungua kwa karibu nusu, ilhali kwa wenye askaris, ile minyoo mirefu ya duara, uwezekano huo uliongezeka kwa takriban theluthi moja. Anayeitaja “minyoo” kwa jumla, basi, ameshachanganya mambo mawili yanayopingana.

Jambo la pili, ambalo wasomaji wengi huliruka, ni namna pumu ilivyotambuliwa. Tafiti nyingi hutumia dodoso linalouliza kama katika miezi 12 iliyopita kifua cha mtoto kimetoa sauti kama ya filimbi. Swali ni zuri, lakini viluwiluwi vya askaris, baada ya kutoboa utumbo, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda koo na kumezwa tena ndipo vikomae. Katika safari hiyo mtu hukohoa na kifua chake hulia, na chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili huongezeka, hali ambayo daktari Löffler aliieleza tangu mwaka 1932. Mtoto huyo atawekewa jibu la “ndiyo” kwenye dodoso bila kuwa na pumu. Ndiyo maana mimi huanza na sehemu ya mbinu za utafiti, hata kama inachosha, kabla sijafika kwenye matokeo.

Vilevile, usichukue kipimo cha mzio cha ngozi kuwa ni pumu. Nchini Gabon, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto waliotibiwa minyoo mara kwa mara walizidi kuonyesha mzio wa utitiri wa vumbi kwenye ngozi. Huko Ecuador, utafiti wa mwaka 2006 uliotumia dawa ya minyoo ya albendazole kwa mwaka mzima haukuona ongezeko kama hilo. Hakuna kati ya hizo inayompa mzazi sababu ya kumnyima mtoto dawa ya minyoo, kwa kuwa upungufu wa damu unaoletwa na safura hauna ubishi wowote.

Kuhusu kujiambukiza minyoo makusudi, jambo ambalo wapo wanaolifanya, jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 liliwapa baadhi ya wagonjwa wa pumu viluwiluwi 10 vya safura kupitia ngozi na wengine dawa bandia, na nafuu iliyoonekana haikutosha kuitofautisha na bahati. Dawa yangu ya kupulizia imebaki pale pale.

Lipo, hata hivyo, jambo moja katika uwanja huu ambalo linamhusu mgonjwa moja kwa moja, nalo halipewi nafasi linayostahili. Mnyoo uitwao strongiloidesi unaweza kuishi mwilini kwa miongo kadhaa kwa kujiambukiza upya ndani ya mtu yule yule, na huenda ukasababisha kikohozi na kubanwa kifua kinachofanana na pumu. Akipewa vidonge vya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ambazo wagonjwa wa pumu hupewa, mgonjwa huyo anaweza kushambuliwa na minyoo inayozaana bila kizuizi, hali inayoua. Kwa hiyo, ikiwa umewahi kuishi mahali ambapo watu hutembea pekupeku kwenye udongo wenye kinyesi, mweleze daktari hilo kabla hujaanza vidonge, hasa kama pumu yako imeanza ukubwani au inazidi kuwa mbaya kila unapopewa steroidi. Omba pia kipimo cha damu cha kingamwili, kwa sababu choo kilichopimwa mara moja mara nyingi hakionyeshi mnyoo huu. Na ukipatikana, dawa inayotegemewa zaidi ni ivermectin.