Sampuli ya watu 385 au 15?
Umeuliza kwa nini msimamizi mmoja wa utafiti anadai sampuli (watu wa kuhojiwa) ya 385 na mwenzake anaridhika na 15. Wote wako sahihi. Hiyo 385 ni hesabu ya dodoso kwa jamii kubwa: kiwango cha uhakika asilimia 95, kosa la asilimia 5 juu au chini (yaani ukirudia utafiti mara 100, takriban mara 95 jibu litakuwa ndani ya kosa hilo), waliohojiwa wakiteuliwa kwa nasibu, yaani kwa bahati bila upendeleo. Ukiwajaza marafiki zako tu, hata 2,000 hawasaidii. Hiyo 15 ni ya mahojiano ya kina, ambayo hayahesabu wangapi, yanatafuta kwa nini. Unaacha pale mahojiano mawili matatu mfululizo hayaleti jambo jipya. Tafadhali usihoji 15 kisha uandike "asilimia 60 walikubali". Hao ni watu tisa! Mwanahistoria, yeye, hata barua moja humtosha, mradi aihoji: nani kaiandika, lini, kwa ajili ya nani.