Maswali Yenu Kazini: Nimepewa mradi wa miezi mitatu, naanzia wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni karani wa masjala, bosi kaniita akasema mafaili yote ya ofisi yahamie kwenye kompyuta na mi ndo nisimamie. Mafaili ni kama 12,000, skana tunazo mbili na watu wawili wa kuziendesha, muda miezi mitatu. Nimesoma kwamba mradi una hatua tano, kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kufunga, ila nikirudi kazini sioni hatua inaanzia wapi inaishia wapi, na kila mtu ananiambia anza tu kuskani, mengine utajua mbele kwa mbele. Nianze?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usianze, bado kidogo. Kesho chukua faili moja la kawaida, lisiwe jembamba wala lile lililofura, kaa na mtu wa skana umtazame ukiwa na saa: anatoa pini, ananyoosha kona zilizokunjika, anaskani, anahakiki kama kurasa zote zimetoka, anaandika namba na jina la faili, anarudisha pini. Tuseme imechukua dakika 6, utaweka yako ukishapima. Mafaili 12,000 mara dakika 6 ni dakika 72,000, yaani saa 1,200, gawa kwa skana mbili kila moja inabeba saa 600. Mtu hakai kwenye skana saa 8 bila kunyanyuka, mpe saa 6 za kweli kwa siku, inakuja siku 100 za kazi. Mwezi una siku kama 20 za kazi kwahiyo hiyo ni miezi mitano, na hapo hakuna skana iliyokwama wala mtu aliyeugua. Bosi kasema mitatu. Hiyo miwili ukiigundua leo ni mazungumzo tu kati yako na bosi, ukiigundua wiki ya kumi utaandikiwa barua ya kujieleza.

Umeona, hujagusa kazi yenyewe na tayari uko ndani ya kuanzisha na kupanga. Watu wanazidharau hizi hatua mbili kwa sababu hazionekani, mtu akipita masjala anataka kukuta skana inanguruma, akikukuta na daftari na kalamu anaona unachelewesha. Mi nakwambia kwa moyo wote, mradi mwingi unaoharibika unaharibikia hapa, ila harufu inakuja kusikika mwishoni.

Kwahiyo andika ukurasa mmoja umpelekee bosi asaini: tunafanya hili kwa sababu gani, mwenye mradi ni nani (yaani yule ambaye neno lake ni la mwisho), muda, fedha, na sehemu ambayo wengi wanairuka, nini HAKIMO. Mafaili ya watumishi walioondoka zamani yamo? Yale ambayo muda wa kutunzwa umeshapita je? Karatasi zikishaskaniwa zinabaki au zinaondoka, na nani ataruhusiwa kufungua faili lipi? Tuseme mkikaa mkakuta mafaili 3,000 hayahitaji kuskaniwa kabisa, mnabaki na 9,000, na kwa skana mbili siku 100 zinashuka hadi 75. Ukiomba skana ya tatu pamoja na mtu wake zinakuwa siku 50, miezi miwili na nusu, sasa hapo ahadi ya miezi mitatu inashikika. Bosi akigoma kupunguza mafaili, akigoma kuongeza skana na akigoma kuongeza muda, basi kitakachopungua ni ubora, watu wataacha kuhakiki kurasa ili wawahi, na hilo mwambie kabisa kabla hajasaini ili achague akiwa anajua.

Kuna mfano mkubwa, jumba la opera la Sydney kule Australia. Ujenzi ulianza 1959 wakati hata mapaa yale yenye umbo la magamba yalikuwa hayajapatiwa jibu yatajengwaje, serikali ilikuwa na haraka ya kuona kazi imeanza. Baadaye nguzo zilizokuwa zimeshasimama zikakutwa haziwezi kubeba uzito wa paa, ikabidi zivunjwe zijengwe upya. Makisio ya kwanza yalikuwa dola milioni 7 za Australia, likafunguliwa 1973 kwa milioni 102. Uzuri wake sibishani nao, mwaka 2007 limeingia hata kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, ila hiyo miaka ya katikati iliumiza watu wengi.

Kwenye kupanga, fungua jedwali lenye safu nne: kazi, mwenye kazi (jina la mtu MMOJA, usiandike "wote"), siku ngapi, na inasubiri nini. Hiyo ya mwisho ndo yenye siri. Kuskani kunasubiri mfumo wa kuyapa mafaili majina, na majina yanasubiri kikao cha wakuu wa idara, kwahiyo kikao kikiahirishwa wiki moja mradi wote umesogea wiki moja, hata skana zingekuwa kumi. Mnyororo wa kazi zinazosubiriana ulio mrefu kuliko yote ndo unaoamua tarehe ya mwisho, huo ulinde kama mboni ya jicho, kazi iliyo nje yake ikichelewa siku mbili tatu usigombane na mtu.

Kutekeleza sina mengi, ukipanga hivyo kazi inajiendesha yenyewe sehemu kubwa.

Ila kufuatilia usije ukaiweka kama hatua ya nne inayosubiri ya tatu iishe, hizo mbili zinatembea pamoja tangu siku ya kwanza. Na usipokee asilimia, mtu akikwambia "tumefika asilimia 90" muulize mafaili mangapi yamehakikiwa na kufungwa. Kwa mpango wa skana tatu unahitaji 180 kwa siku, 900 kwa wiki. Ijumaa ya kwanza ukihesabu ukakuta 700, usiseme tutafidia wiki ijayo. Kwa mwendo wa 700 utahitaji wiki kama 13 badala ya 10, yaani miezi yako mitatu yote imekwisha hata makabidhiano hujafanya. Hiyo taarifa ifike kwa bosi Ijumaa hiyohiyo pamoja na sababu yake.

SWALI: Kazini kwetu tunatengeneza programu na vijana wanasema hatua za mradi zimepitwa na wakati, siku hizi ni ajaili (agile kwa Kiingereza, yaani kufanya kazi kwa vipande vidogo vidogo). Kweli?

JIBU: Hapana kaka, hazijaenda popote. Ajaili ilipata jina lake 2001, watengeneza programu 17 walipokutana Utah, Marekani, wakaandika tamko lao, na walichokataa ni kule kupanga kila kitu mwaka mzima kabla mtumiaji hajaona chochote. Wanachofanya ni kuzipitia hatua zilezile kwa vipande vidogo vya wiki mbili au tatu, wanapanga kidogo, wanatengeneza, wanaonyesha, wanarekebisha. Kwa programu inafaa sana maana mteja hajui anachotaka mpaka akione. Ila muulize kijana wako nani mwenye mradi na tutajuaje tumemaliza, akikosa jibu hiyo bado si ajaili.

SWALI: Mradi wetu uliisha mwaka jana lakini mpaka leo mi ndo napigiwa simu kila kitu kikigoma, hata usiku. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada, huo mradi uliisha ila haukufungwa. Mi yalinikuta kwenye mradi wa mfumo wa mishahara. Siku ya mwisho tulipongezana, tukapiga picha, kila mtu akaenda zake, na nenosiri la seva, ile kompyuta kuu inayobeba mfumo, lilikuwa kwenye daftari la fundi mmoja ambaye naye akahama kazi. Miezi minne baadaye seva ikazima siku mbili kabla ya mishahara kutoka. Tulikesha tukimtafuta yule fundi kwa simu, na watumishi wakapokea mishahara yao wakiwa wamechelewa siku tatu, hilo sijalisahau.

Hujachelewa kufunga. Itisha kikao cha saa moja na idara inayoutumia huo mfumo, nenda na orodha ya vilivyotengenezwa, nenosiri zote, mikataba ya mafundi na tarehe inapoisha, na matatizo yanayojulikana ambayo bado hayajatatuliwa, usiyafiche. Wakutajie jina la mtu wa kupokea, kaa naye wiki mbili, simu zikija apokee yeye wewe ukiwa pembeni, afu wasaini pande zote. Nakala mpe bosi wako. Kuanzia siku hiyo simu ikilia usiku, mpe aliyepiga namba ya aliyesaini kupokea.