Aota imetanuka na mishipa ya moyo imeziba, vyote vifanyiwe siku moja?

Mkuu pole na kuuguza. Umeuliza kama mzee ataweza operesheni mbili kwa mpigo, ya aota (mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo) iliyotanuka pale inapoanzia na baipasi ya mishipa iliyoziba, yaani kuunganisha mshipa mwingine damu ipite pembeni ya palipoziba. Mimi nilifanyiwa zote mbili siku moja, nakwambia nilivyoona, uamuzi ni wa mzee na madaktari wake.

Kwanza usihesabu kwamba ni mateso mara mbili. Kifua kinafunguliwa mara moja, usingizi mmoja, mashine ya moyo na mapafu inawashwa mara moja. Wakifanya baipasi tu halafu aota waje nayo baadae, watakuta makovu yameshagandisha kila kitu nyuma ya mfupa wa kifua na mishipa ya baipasi inapita hapohapo wanapotaka kukata, na hiyo ndo operesheni ya kuogopa. Ndo maana aota peke yake mara nyingi wanasubiri ifike upana wa sentimita 5.5 lakini ukishaingia thieta kwa shida nyingine ya moyo wanaweza kuirekebisha ikiwa ndogo zaidi ya hapo.

Daktari wangu alinichorea kwenye karatasi, kipande kilichotanuka anakitoa anaweka bomba la kitambaa cha Dakroni, halafu mshipa aliochukua mguuni anaushona kwenye hilohilo bomba na ncha ya pili anaipeleka mbele ya palipoziba. Nilipoona ule mchoro ndo nikaelewa kwa nini hataki kuzitenganisha.

Ni kweli moyo unasimamishwa muda mrefu zaidi na hatari zipo, damu kuvuja, kiharusi, figo kugoma. Kwahiyo waulizeni figo na mapafu ya mzee yakoje na huyo daktari hizi mbili kwa pamoja anazifanya mara ngapi, hayo yana uzito kuliko idadi ya operesheni.

Baada ya hapo mimi kilichonitesa ni mguu waliotoa mshipa, ulivimba ukauma kushinda kifua. Na ICU usiku nilikuwa naona watu hawapo nataka kuchomoa mipira, mkimkuta mzee hivyo msitishike, kwa wengi inapita. Moyo nao unaweza kwenda mbio ovyo siku za mwanzo, inatokea sana na dawa zipo. Kama wiki 6 mpaka 8 asinyanyue kizito, akiamka asijivute kwa mikono, akikohoa akumbatie mto.

Wewe na ndugu zako nendeni mkapimwe eko (kipimo cha picha ya moyo) maana aota kutanuka huwa inatembea kwenye ukoo. Na mzee akiandikiwa antibiotiki ya siprofloksasini au nyingine za kundi lake aseme mapema ana tatizo la aota, dawa za kundi hilo zinahusishwa na aota kuchanika.