Kabla ya hita, tazama jua linakozama

Juni iliyopita mgeni wangu kutoka Dar alilala kwangu Nzuguni, asubuhi akaulizia blanketi la pili. Watu wa Pwani hawaamini mpaka wafike: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe nyuzijoto hushuka hadi 14 hivi. Ikifika Oktoba nyumba hiyohiyo inageuka tanuri. Kosa ni langu. Nilinunua ramani iliyochorwa bila kujua kiwanja kinatazama wapi, chumba kikubwa kikaangukia magharibi.

Nikaanza kusoma. Huko Sweden wanafukia mabomba ardhini, ambako joto halibadilikibadiliki kama hewani, kisha pampu inalivuta na kulisambaza ndani. Uniti moja ya umeme inaleta joto la uniti tatu au zaidi. Nikatamani. Fundi wangu alicheka: "Mzee, kwanza tumalize dari."

Jibu nilikuwa nalo Mvumi, kwenye tembe la bibi wa mke wangu. Saa nane mchana, nje panachoma, ndani unaweza kusinzia. Usiku wa Julai halina baridi ya kutetemesha. Ni ule udongo mzito wa kuta na paa bapa: hunywa joto polepole, hulitoa polepole, la mchana likifika ndani jua limeshazama. Simwambii mtu ajenge tembe (paa lile linadai kukarabatiwa kila mvua zikikaribia), ila akili yake uichukue.

Kwa hiyo ukiwa bado kwenye msingi, laza nyumba mashariki-magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Huku jua la mchana linapita karibu na utosi, upenu mpana unatosha kuyakinga. La jioni linaingia limelala, upenu haulizuii. Pesa ikiwa haba, tofali za kulaza (ukuta unakuwa mnene) ziweke ukuta wa magharibi tu, kwingine simamisha. Usipaue bila dari, na uache matundu ya hewa juu yake.

Maji ya kuoga? Paneli ya jua juu ya bati. Hita ya bafuni inakula luku usipoangalia.

Kile chumba changu sasa ni stoo. Nje ya ukuta nimepanda mwarobaini. Umefika usawa wa dirisha.