Gari linatengenezeka, shingo bado inauma: nitafute wakili?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, gari la nyuma likanigonga. Polisi walipima na kuandika kwamba kosa ni la dereva yule. Siku ile sikusikia maumivu, lakini kesho yake shingo ilikaza, na sasa mkono wa kushoto unakufa ganzi usiku. Ofisa wa kampuni yake ya bima amenipigia simu, mtu mpole kweli. Anasema watalitengeneza gari, watanipa na kitu kidogo cha usumbufu, nisaini fomu moja tumalizane. Shemeji anasema nitafute wakili. Mume wangu anasema wakili atakula zote. Nishike lipi?
Dereva wa Gari la Mbele

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Huo mkono umenitia wasiwasi kuliko gari. Ganzi inayoshuka mkononi baada ya shingo kutikiswa inaweza kuwa dalili ya neva iliyobanwa. Nenda kwa daktari leo, mweleze kwamba uligongwa, na uhakikishe tarehe ya ajali na hiyo ganzi vimeandikwa kwenye faili lako. Maumivu ya shingo baada ya kugongwa kwa nyuma mara nyingi huchelewa saa kadhaa, pengine siku kadhaa, na madaktari wanalijua hilo. Lakini kwenye madai, dalili isiyoandikwa popote ni shida kuithibitisha.

Kabla sijawa wakili nilifanya kazi kitengo cha madai cha kampuni ya bima, kwa hiyo simu kama hiyo naijua. Ofisa huyo si lazima awe mtu mbaya. Kazi yake ni kufunga faili mapema na kwa gharama ndogo, basi. Shida iko kwenye fomu. Fomu za namna hiyo kwa kawaida husema kwamba unapokea malipo kamili na ya mwisho kwa madai yote yaliyotokana na ajali, yanayojulikana na yasiyojulikana. Hayo "yasiyojulikana" ndiyo shingo yako. Ukisaini, halafu vipimo vya baadaye vionyeshe kwamba unahitaji upasuaji, gharama ni zako. Mahakama inaweza kuitengua hati kama hiyo kukiwa na udanganyifu, lakini hiyo ni safari ndefu isiyo na uhakika. Kama unalihitaji gari haraka, omba madai ya gari yalipwe peke yake, na hati iseme waziwazi kwamba inahusu mali tu, haigusi maumivu ya mwili. Sehemu nyingi hilo linawezekana.

Sasa wakili. Ingekuwa ni bati tu limebonyea na kosa linajulikana ni la nani, ningekuambia usimtafute. Picha, ripoti ya polisi na makadirio ya fundi vingetosha, na ada ya wakili ingemeza faida yote. Hata binti yangu ningemwambia hivyohivyo. Kwako mambo ni mengine, kwa sababu bado hakuna anayejua jeraha lako litaishia wapi, na kulikadiria jeraha la namna hiyo, pamoja na mshahara utakaopotea na matibabu ya mbele, si kazi ya kufanya peke yako ukiwa na maumivu. Ningesema vivyo hivyo kwa mtu aliyegongwa na gari lisilo na bima, au anayesukumiwa sehemu ya lawama. Ukipewa asilimia 30 ya kosa, fidia ya 100 hubaki 70, na kuna mahali ambako hata kosa dogo upande wako huweza kukunyima zote.

Hofu ya mumeo ina msingi, usiipuuze. Muulize wakili analipwa vipi: kwa saa, kwa kazi nzima, au kwa sehemu ya fidia (hii ya mwisho hairuhusiwi kila mahali). Kama ni sehemu, uliza inakatwa kabla au baada ya kuondoa gharama za kesi. Tuseme fidia ni 900, gharama ni 150, na ada ni theluthi. Ada ikikatwa kwanza, unabaki na 450. Gharama zikitolewa kwanza, unabaki na 500. Uliza pia mkishindwa nani atalipa gharama za upande wa pili. Majibu yote yawe kwenye maandishi. Wakili anayekuahidi kiasi fulani kabla hajaona ripoti ya daktari, mshukuru uondoke. Na hao wanaozunguka wodini wakiwatafutia majeruhi mawakili, usiwape hata namba yako ya simu.

Kwenda kumsikiliza wakili hakukufungi. Wengi hawatozi kikao cha kwanza, au hutoza kidogo. Swali lako la kwanza liwe ukomo wa muda, yaani tarehe ya mwisho ya kufungua kesi. Hutofautiana: kwingine ni mwaka mmoja tu, kwingine miaka kadhaa, na likiwa gari la serikali huenda ukatakiwa kutoa notisi mapema zaidi. Mazungumzo na kampuni ya bima kwa kawaida hayasimamishi muda huo. Nimewaona watu wenye haki kabisa wakipoteza madai kwa sababu waliendelea kuahidiwa "tunashughulikia" mpaka tarehe ikapita. Inaniuma mpaka leo.

Akipiga tena yule ofisa, mjibu kwa heshima: daktari hajamaliza, nitumie fomu niisome, nitakujibu kwa maandishi. Usikubali maelezo yako yarekodiwe kwa simu kabla hujaonana na wakili. Wakati huohuo itaarifu kampuni yako mwenyewe ya bima, hata kama kosa si lako. Mikataba mingi inadai taarifa ya mapema, na ukichelewa wanaweza kukataa kukusaidia endapo ile ya mwenzako itagoma kulipa.